Mstari wa Kijani kwenye Baiskeli ya Yaya

Shule niliiacha mwaka wa nne wa primaire, na sijawahi kuililia. Wengi walioendelea mpaka mwisho leo wanakuja kwangu mtaani Bel-Air niwatengenezee breki, na wananiita Patron. Nilicho nacho nilikipata kwa magoti yangu: nyumba ya matofali ya kuchoma, magazini, yaani duka, yenye mlango wa chuma, mashine ya kuchomelea ambayo hata mafundi wa magari wanakuja kuiazima. Sisemi haya kwa majivuno. Na hata kama ni majivuno, ni ya kweli. Lakini kuna jambo moja nililifanya kwa mikono hii hii ninayoisifu, na tangu lilipotokea, mtu akiniita Patron naangalia kando.

Nilianza na makala, yaani mkaa wa kupikia. Kijana asiye na kitu wakati ule alikuwa na kazi moja inayomngoja, kubeba makala kwa kinga, ndivyo sisi huku tunavyoiita baiskeli. Unatoka porini nyuma ya Kasungami na magunia matatu, mawili yamesimama pande mbili za gurudumu la nyuma, la tatu limelala juu yake. Unaisukuma kwa miguu, na kwenye mteremko tu ndipo unaikalia, soli ya kiatu ikiwa ndiyo breki. Njiani kuna kilima cha udongo mwekundu. Ukiwa mikono mitupu hukioni kuwa kilima. Ukiwa na magunia ndipo unakifahamu. Tulikiita Mama-mukwe, kwa sababu hakuna mwanaume anayepita mbele yake bila kuinamisha kichwa.

Mama-mukwe hapandwi na mtu mmoja. Mnafika chini wawili, mnaegemeza kinga moja kwenye mti, mnaisukuma nyingine pamoja mpaka juu. Mkifika juu, mwenye kinga haendi zake. Anashuka na mwenzake kuifuata iliyobaki. Atakayeondoka akisema amechelewa, habari zake zitafika mjini kabla yake, na kesho atabaki chini ya kilima peke yake akihesabu mawingu.

Aliyenisukuma mimi ndiye ninayemwita Yaya, yaani kaka mkubwa. Hatukuzaliwa tumbo moja. Alinizidi miaka kumi hivi na alikuwa anaijua njia kama kiganja chake. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimechuchumaa chini ya kilima, nikijifanya nakaza kamba. Aliegemeza kinga yake, akaweka bega nyuma ya magunia yangu, akasema, "Mudogo, sukuma. Hii mama haipendake bantu ba kuwaza-waza."

Tulisukumana miaka sita. Kisha nikajifunza kuziba pancha, nikajifunza kunyoosha rimu, nikajifunza kuchomelea kwa kumwangalia fundi mmoja ambaye hakutaka kunifundisha. Nikapata kibanda, kibanda kikawa magazini. Yaya alibaki kwenye makala. Akipita Bel-Air na mzigo wake anasimama mlangoni, uso mweusi kwa vumbi, na kama kuna wateja anawaambia, "Muone huyu. Mi njo nilimusukuma." Mimi nacheka na kumpa maji. Siku moja aliongeza, huku anajipangusa mdomo, "Tangu alifika kule juu, hajashuka bado." Tulicheka wote. Ilikuwa mzaha, na niliuchukua kama mzaha.

Sasa nieleze uma wa mbele, yaani ile miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu. Baiskeli mpya zinazotufikia kupitia Mokambo, mpakani na Zambia, zimetengenezewa mtu mmoja anayekwenda kazini na mkoba wake. Ukiipeleka porini hivyo ilivyo, baada ya wiki chache uma unainama kama mtu anayetafuta sindano. Kila fundi wa huku ana namna yake ya kuutia nguvu. Yangu ilikuwa hii: nondo mbili nyembamba, kila mguu na nondo yake, nimezichomelea toka shingoni mpaka karibu na ekseli. Nasugua, halafu juu ya mshono napaka mstari wa rangi ya kijani. Njia nzima ya Kasungami ilijua. Mtu akitaka kununua kinga, hata ya mitumba, anauliza kwanza, "Iko na kijani?" Ningekuwa nimesoma ningesema nilikuwa na alama ya biashara. Nilikuwa na kopo la rangi na mkono usiotetemeka, ilinitosha.

Kinga ya Yaya ilipokufa kabisa, nilimpa mpya. Nilimpa bure. Lakini nilimwita aje saa ambayo najua magazini imejaa, nikaitoa ndani mwenyewe, mstari wa kijani bado unanuka, nikasema maneno marefu juu ya mahali nilipotoka. Watu walipiga makofi. Yaya alishika usukani kwa mikono miwili, akaangalia chini muda wote nilipokuwa naongea. Nilifikiri ni furaha.

Haikupita miezi mingi, akaja mama anayetuuzia kwa jumla. Ni mtu wa Butembo, mwenye malori yake, muombaji wa kanisa asiyechelewa hata dakika. Kwa kawaida alituma dereva. Siku hiyo alishuka mwenyewe, akakataa kiti, akanipa karatasi moja ya kiwandani yenye mchoro wa uma na duara lililochorwa shingoni pake.

"Papa, hii uma ya mbele," akasema, "bale ba fabrike banasema inaweza kupasuka. Hapa, ndani ya hii duara."

"Kinga zote?"

"Hapana. Ni zile tu zenye nambari inaanza na hii herufi. Geuza kinga, utaiona chini, kule pedali zinazungukia. Wenyewe baache kuipanda leo. Siyo kesho. Uniletee uma ya zamani, nami nitakupa mupya, bila kulipa kitu."

Sina daftari la wateja. Nina kichwa. Akiwa bado anaongea, nilikuwa nimeshaziona baiskeli zote ishirini za mzigo wenye herufi ile, moja moja, na mtu aliye juu yake. Kumi na moja zilikwenda kwa watu wa mjini: walimu, mlinzi, muuguzi, mchungaji mmoja. Tisa zilikwenda kwenye makala. Na ya kwanza katika hizo tisa ilikuwa ya Yaya.

Nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani, "Na kama muntu alishachomelea chuma juu yake?"

Alinyoosha kidole kwenye mistari ya chini ya karatasi. "Ile habaipokee. Banasema moto inazidi kuharibisha ile chuma. Kwa nini, iko bantu banachomeleaka?"

"Labda bale ba Kasungami," nikasema.

Nyuma yangu, ukutani, lilikuwa limening'inia kopo la rangi ya kijani na brashi yake. Aliliangalia, nafikiri. Kisha akaniachia karatasi na kupanda lori lake.

Zile kumi na moja nilizirudisha kwa sifa zote. Nilikwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba. Muuguzi nilimkuta anatoka kazini juu ya kinga yake, nikamsimamisha katikati ya barabara, nikamwambia ashuke hapo hapo. Aliniuliza kama naumwa. Nilipomweleza, aliniambia hajawahi kuona muuzaji anayemkimbiza mteja ili amrudishie kitu bure. Habari ikaenea. Mchungaji alinitaja kanisani, bila kutaja jina, lakini watu waligeuka kuniangalia. Nilivaa koti siku hiyo.

Kwa zile tisa sikwenda. Nataka niliandike wazi, maana nimelizungusha kichwani kwa njia nyingi na kila njia inanipa sababu nzuri. Nilijiambia karatasi iliandikwa na watu wasioona gunia la makala maishani mwao. Nilijiambia uma wao unaweza kupasuka kwa sababu hauna nondo zangu, na wenye nondo zangu ndio watakaopona. Nilijiambia hata nikizirudisha hazipokelewi. Yote hayo niliyaamini asubuhi na jioni. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kimoja tu: kusimama kwenye njia ya Kasungami, mimi, na kuwaambia wale watu kwamba kijani changu kimeharibu chuma. Hilo sikuliweza.

Wala sikumuuliza yule mama mara ya pili.

Yaya alikuja mwenyewe. Ilikuwa saa nne asubuhi, mzigo ameshauacha sokoni, kinga tupu. Kulikuwa na watu watano au sita kwenye ubao wangu wa kukalia, wale ambao kila magazini inao, wasionunua kitu lakini hawakosi.

"Mudogo," akasema, "nasikia unarudisha makinga."

"Ile ya ba-cravate ba ku biro, Yaya. Zile zinabebaka makaratasi."

Ubao ukacheka.

"Na hii yangu?"

"Hii yako iko na mukono yangu."

Hakucheka. Aliinua gurudumu la mbele kidogo, akaliachia lianguke. "Inalia kidogo. Kama nateremuka, inalia hapa. Kama panya."

Ningeweza kuichukua ile kinga ndani. Kusugua rangi shingoni ni kazi ya dakika tano, kwa msasa wa kawaida. Msasa ulikuwa mfukoni mwangu. Lakini watu walikuwa wananiangalia, na mdomo wangu ni mwepesi kuliko mkono wangu.

"Chuma inalia juu ya kuibebesha kama kamio ya tani kumi," nikasema. "Hata magoti yako inaliaka, Yaya. Nani aliirudisha ku fabrike?"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Yaya naye alicheka, safari hii alicheka kuliko wote, akipiga paja. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya mstari wa kijani, polepole, kama unavyopapasa shavu la mtoto kuona kama ana homa. "Bon," akasema. "Kama ni weye unasema." Akaondoka akiisukuma. Nakumbuka hilo sasa. Kinga ilikuwa tupu, barabara ni tambarare, na hakuikalia.

Siku tisa baadaye mke wake alinipigia simu. Nilikuwa nakunywa chai. Alisema, "Shemeki, yaya yako ameanguka ku Mama-mukwe. Banamupeleka ku hopitali." Sauti yake ilikuwa tulivu, kama ya mtu ambaye bado hajakaa chini.

Alikuwa ameshafika juu. Walisukumana na kijana mmoja mgeni wa njia, wakazipandisha kinga zote mbili kama sheria inavyosema, na Yaya akakalia yake kuteremka upande wa pili. Katikati ya mteremko uma ulikatika. Gurudumu la mbele likaenda peke yake, na yeye akaenda na magunia matatu mgongoni. Bega la kuume lilivunjika vibaya, na mfupa wa nyonga ukapata ufa. Meno mawili hayakuonekana tena. Daktari alinieleza mambo mengi kwa Kifaransa, nikaitikia kwa kichwa, lakini la mwisho alilisema kwa Kiswahili ili mke naye asikie: mkono ule utakula, utaoga, lakini hautapanda juu ya bega tena.

Mtu ambaye mkono wake haupandi juu ya bega hafungi magunia. Hasukumi kinga ya mtu.

Kinga niliichukua mimi. Nilifunga mlango wa magazini mchana kweupe, jambo ambalo watu wa Bel-Air hawakuwahi kuliona, na nikauweka uma mezani. Nondo zangu zilikuwa nzima. Mshono wangu ulikuwa mzima, mzuri, ungeweza kumfundishia mtu. Uma ulikuwa umekatika upana wa kidole juu ya mshono, pale pale kwenye duara la karatasi, pale ambapo moto wangu uliishia na rangi ikaendelea.

Nikasugua rangi. Ukitaka kujua chuma kilivunjika lini, angalia uso wa mkato. Kilichovunjika leo kinang'aa kama chumvi. Mkato ule ulikuwa na sehemu mbili. Sehemu ndogo iling'aa. Sehemu kubwa, zaidi ya nusu, ilikuwa ya kahawia, yenye kutu iliyokwishakaa. Ufa ulikuwapo muda mrefu chini ya kijani changu. Ulikuwapo siku ile aliyosema inalia kama panya. Rangi ndiyo iliyouficha. Nilikaa na kile chuma mapajani, na msasa ule ule mkononi. Nilikuwa nimeusugua ufa siku tisa baada ya kuombwa.

Nilimpigia simu mama wa Butembo, nikamweleza yote, bila "bale ba Kasungami" safari hii.

"Ile kopo niliiona," akasema. "Nilingoja useme."

"Karatasi ilisema habazipokee."

"Karatasi ni ya fabrike, Papa. Mimi niko hapa. Ungeniomba uma tisa, ningekunyima?"

Alituma nane kesho yake. Ya tisa haikuwa na kinga ya kuwekwa.

Kwa Yaya nilikwenda na kile kipande nimekifunga kwenye gazeti. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Mimi ni mtu wa maneno. Alikuwa amelala kwa ubavu mzima, mke wake anamlisha uji. Nikafungua gazeti, nikamwonyesha kutu, nikasema, "Yaya, ilikuwa imeshapasuka. Siku ile ulikuya. Balinipa karatasi, na mi nilijua. Sikuangalia."

Alikichukua kwa mkono wa kushoto. Alikigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, akaunusa ukucha. Mke wake alishusha kijiko na kuniangalia, kisha akaangalia ukuta.

"Mi pia nilijua," Yaya akasema. Bila meno yale mawili maneno yalitoka na upepo. "Nilikuwa naisikia tangu mvua. Miaka yote hii, nisijue kinga inasema nini? Nilikuya kwako ju useme acha. Ungesema acha, ningeacha."

"Kwa nini haukuacha mwenyewe?"

"Mbele ya bale bantu? Kinga ulinipa weye, nikatae kuipanda, bo baseme nini juu yako?"

Alinirudishia chuma. "Ba nane bengine," akasema. "Uko unabajua?"

Nilimwambia nawajua wote. Sikuwajua. Kinga za makala huuzwa na kuuzwa tena. Watatu tu kati ya wale nane walikuwa bado na zao. Yeye ndiye aliyenitajia waliozinunua na vijiji vyao, akiwa amefumba macho, kama anayesoma.

Tangu hapo Jumamosi nafunga mapema na kwenda Mama-mukwe. Yaya yupo chini ya kilima, mke wake anapika munkoyo, kinywaji cha mahindi, na yeye anawauzia wapita njia, kikombe kwa mkono wa kushoto. Nilimpa kazi magazini, akakataa. Nilimpa kinga ya matairi matatu, akaniuliza nataka nimkusanyie watu saa ngapi. Kwa hiyo nakaa tu naye kwenye ubao, na kila anayefika namwangalia uma wa mbele. Sita tumeshazipata na nimezibadilisha hapo hapo, nikiwaeleza wenyewe kwa mdomo wangu kwa nini. Wawili walicheka. Mmoja alinitukana mama yangu, na nilimshikia usukani mpaka akamaliza. Mbili bado zinatembea mahali fulani.

Jumamosi iliyopita alifika mzee mmoja peke yake, magunia matatu, uma mtupu usio na rangi. Akasimama chini ya kilima, akaanza kukaza kamba iliyokwishakazwa. Yaya hakugeuka.

"Mudogo," akasema, "sukuma."

Nina tumbo sasa, na viatu vyangu si vya kazi. Nilisimama mara tatu njiani, na yule mzee ndiye aliyeningoja. Tulipofika juu nilikuwa natapika hewa. Alinishukuru, akaniita Papa, akakalia kinga yake na kuteremka. Gari langu nalo nilikuwa nimeliacha kule juu, kivulini, kwa sababu huku chini barabara inaharibu matairi. Ufunguo ulikuwa mkononi tayari, sijui niliutoa saa ngapi.

Niliurudisha mfukoni, nikashuka kwa miguu. Yaya alisogea kidogo kwenye ubao ili nikae upande wa bega zima, akanimiminia kikombe. Kulikuwa na mtu mwingine anakuja kutoka porini, mbali, vumbi limemfunika. Nilikodoa macho kutafuta kijani.